Mkono wa Mama Mkwe na Mistari ya Uongo

Wenzake kazini walimwita Cheche, na jina lilimkaa. Ukimgusa kidogo tu, amewaka. Mgonjwa akimwambia, "Kaka, fanya haraka," anajibiwa, "Kwani hii kamera ya harusi?" Bosi akimwambia taratibu, anauliza yeye amechelewa wapi. Lakini mikono ilikuwa myepesi, hilo hata maadui zake walikubali. Mtoto aliyevunjika mguu, ambaye hata mama yake hathubutu kumgusa, Cheche anamgeuza kitandani huku anampigisha soga, na picha imeshatoka kabla kilio hakijaanza.

Pale hospitali aliingia kama msukuma machela. Shule aliikimbia mapema, walimu nao hawakumfuata. Wenzake walikuwa wakifikisha mgonjwa mlangoni kwa eksirei wanakwenda kujinyoosha kwenye benchi; yeye anabaki kuchungulia kwenye kioo, nani anabonyeza nini. Mwisho watu wa eksirei wakachoka kumfukuza, wakampeleka kozi fupi. Akarudi na cheti na koti jeupe, na tangu hapo ukimkumbusha habari za machela mnakosana.

Sasa, watu wanadhani eksirei ni kubonyeza tu. Siyo. Mashine inaweza ikawaka vizuri, ikalia, ikatoa picha, na bado macho yake mabovu. Kama mtu asiyeona mbali: anakuona umesimama pale, ila hajui unacheka au unalia. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, mashine nayo inapimwa macho.

Kuna kibao kidogo, ukubwa wake kama kitambulisho. Ndani mna bati la risasi, yale madini mazito ambayo miale haiyapenyi, na bati limechanwa mistari. Mistari imekaa makundi makundi, kila kundi minne. Kundi la kwanza mistari minene, imeachana, hata bibi yako ataihesabu akiwa amesinzia. Kundi la pili imebanana kidogo, la tatu zaidi, mpaka huko mwisho imesongamana kama meno ya kitana cha chawa. Unakipiga kile kibao picha, unakwenda kwenye kompyuta, unatazama mashine inatenganisha mistari mpaka kundi lipi. Pale mistari inaposhikana ikawa ukungu, hapo ndipo macho ya mashine yameishia. Ufa wa mfupa ulio mwembamba kuliko hapo, mashine itaupita kama haijauona. Na kweli haijauona.

Halafu kibao hakiwekwi hivi hivi. Kinalazwa mshazari, kimeinama upande kama kofia ya mhuni. Fundi wa mashine, aliyekuwa akija mara chache kutoka mji mwingine, aliwaeleza siku ya mafunzo: lile bamba linalopokea picha lina vijumba vidogo vidogo vimepangwa safu, kama vigae vya bafuni. Ukiiweka mistari sambamba na safu za vigae, vinachezeana, unaanza kuonyeshwa mistari ambayo haipo. "Na msitazame tu," akasema, "hesabuni. Kila kundi minne."

Cheche alisikia. Shida yake hakupenda kitu kilichokaa upande. Nyumbani viatu vyake vilipangwa kama wanajeshi, na shuka la kitanda cha wagonjwa alilinyoosha mpaka likalia. Kibao alikiweka sawasawa na ukingo wa meza, kikatulia, roho yake ikatulia nacho. Na kuhesabu mistari minne, mtu mzima, kila Jumatatu? Aliitazama tu kwa jicho moja, akaenda zake kunywa chai.

Ikaja siku umeme ukakatika katikati ya kazi, ukarudi kwa kishindo. Mashine ikaamka imekasirika. Picha moja unaingoja mpaka mgonjwa anasahau alikuwa anaumwa wapi. Foleni ikatoka nje ya mlango, watoto wanalia, mzee mmoja anauliza kwa sauti kama huko ndani mnalima. Cheche akampigia simu fundi wa mashine.

"Usiguse kitu," fundi akamwambia. "Nikipata nafasi nakuja."

Cheche akakata simu, akagusa. Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabonyeza hapa, akarudi pale, maneno mengine hayaelewi lakini anajua kubahatisha. Mara picha zikaanza kutoka chapuchapu! Unabonyeza, hii hapa. Foleni ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Msimamizi wa idara akampiga bega mbele za watu, wauguzi wakasema Cheche kaitibu mashine. Siku ile alitembea kwenye ukumbi wa hospitali kama ameoa upya.

Jumatatu iliyofuata akapiga picha ya kibao. Zamu ile alikuwa na mwenzake, dada mmoja mpole aliyeitwa Miwani kwa sababu bila miwani alikuwa anasalimia milango. Miwani akainama kwenye kompyuta.

"Cheche, mbona hapa katikati pana ukungu?"

"Wapi?"

"Makundi haya. Mistari imeshikana."

"Usitazame hapo. Tazama huku mbele." Akagonga kioo kwa ukucha. "Kundi jembamba hili hapa, mistari hiyo inaonekana, tena imenona. Mashine haijawahi kuona vizuri hivi."

"Sasa itaonaje jembamba, halafu nene ishindwe?"

"Miwani, we mwenyewe si umeona foleni ilivyoisha?"

"Nauliza mistari, sijauliza foleni."

"Basi badilisha hiyo miwani!"

Wafagizi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Miwani akavuta kiti chake nyuma. Cheche akaandika kwamba mashine iko sawa, akaita mgonjwa wa kwanza.

Nyumbani Cheche alikuwa mtu mwingine, na sababu ilikuwa mama mkwe wake. Waliishi kwa mama huyo, Cheche na mkewe, vyumba viwili upande wa nyuma. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake, cherehani dirishani, vitambaa vimejaa mpaka juu ya kabati. Wakati Cheche bado msukuma machela, ndugu wengine wanamnong'oneza binti kwamba ataolewa na magurudumu, mama huyu ndiye aliyesema, "Mwacheni kijana. Mimi namwona." Na akamshonea suti ya harusi kwa mkono wake. Mbele ya mama huyu sauti ya Cheche ilishuka, kofia ikavuliwa, hata chakula alikitafuna taratibu.

Siku moja mama akapanda stuli kushusha jora la kitambaa juu ya kabati. Stuli ikamtupa. Akajikinga na kiganja cha kulia, kikabeba mwili wote.

Cheche alimpeleka hospitali mwenyewe, akampitisha mlango wa pembeni, akampiga picha mwenyewe. "Tulia hivyo hivyo mama, usitingishike." Picha ikatoka chap. Daktari wa mifupa akaitazama, akaipindua, akaikuza.

"Sioni mvunjiko," akasema. "Lakini kuna kamfupa kadogo chini ya kidole gumba, ufa wake huwa unajificha. Maumivu yakiendelea baada ya wiki mbili, arudi, tupige tena."

Njiani kurudi Cheche akamwambia, "Mama, hayo ya kurudi ni maneno ya madaktari tu, wanajilinda. Picha nimeiona kwa macho yangu. Mkono mzima kabisa."

"Nashukuru, baba," mama mkwe akasema. Aliamini. Angeachaje kuamini?

Wiki mbili zikapita, maumivu yakabaki. Mama akishika mkasi, uso unakunjamana. Kulikuwa na kazi ya sare za shule, vitambaa vimekatwa nusu, wazazi wanapita dirishani kuuliza. Pale nyumbani alikuwepo pia shemeji, mdogo wake mke wa Cheche, kijana wa maneno, mwili mzima mdomo.

"Mama kajipa likizo," shemeji akasema jioni moja mezani. "Stuli imemfanyia mpango."

"Mkono unauma, mwanangu," mama akasema.

"Si umepigwa picha? Haya, mwenye mashine yake huyu hapa. Shemeji, hebu tuambie, mama ana nini?"

Wote wakamgeukia Cheche. Mke wake naye alikuwa anamtazama, na Cheche, Mungu amsamehe, alipenda kutazamwa hivyo.

"Hana kitu," akasema. "Mfupa uliovunjika naujua, ndiyo kazi yangu. Mama amechoka tu. Na siyo vibaya, mama, umri nao umesogea."

Shemeji akacheka akapiga meza. Mkewe akacheka. Mama mkwe naye akacheka kidogo, kama mtu anayepokea zawadi asiyoitaka, akaurudisha mkono wa kulia chini ya meza.

Asubuhi yake nyumba nzima iliamshwa na mkasi. Krap. Krap. Halafu kimya. Halafu krap.

"Unaona?" mke akamwambia Cheche kitandani. "Alikuwa anataka kuambiwa tu."

Mama alikata sare zile zote.

Siku fundi wa mashine alipofika, ilikuwa asubuhi na chumba kimejaa: msimamizi yupo, Miwani yupo, wanafunzi wa uuguzi wawili watatu wamesimama ukutani. Fundi alikuwa mtu mnene asiye na haraka, anatafuna ubani. Akachukua kibao, akakilaza mshazari, akapiga picha. Akatazama, akaacha kutafuna.

"Hii kazi ya Jumatatu anafanya nani?"

"Mimi," Cheche akasema. "Kuna tatizo?"

"Njoo uone mistari inapoishia."

Ilikuwa inaishia karibu sana. Makundi machache ya mwanzo, halafu uji mtupu.

"Umekiweka vibaya," Cheche akasema, ameshaanza kupanda. "Kimekaa upande. Subiri nikuonyeshe." Akakinyoosha kibao, akapiga tena, akagonga kioo kwa ukucha kama siku zote. "Haya! Hiyo ni nini? Kundi jembamba lile, mistari ile pale. Mmekuja huku kutuambia mashine mbovu ili muuze nyingine."

Fundi akarudia kutafuna ubani wake. Alisema tu, "Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Mistari. Kwenye kundi hilo hilo unalolipenda."

Cheche akahesabu kwa kidole. Mmoja. Miwili. Mitatu. Kidole kikatafuta wa nne, kikaenda, kikarudi.

"Mitatu," mwanafunzi mmoja akasema kwa heshima kabisa, akidhani anasaidia.

Fundi akampa Cheche kibao mkononi. "Na hapa iko mingapi?" Hakukuwa na haja ya kukitazama. Minne. Kila kundi minne, siku zote, tangu kibao kitengenezwe.

"Mashine haioni hiyo mistari," fundi akasema. "Imeishiwa pale kwenye ukungu. Huku mbele vigae vinabahatisha, vinakutungia mistari yao wenyewe, minene, michache. Ndiyo maana umeiona imenona." Akaingia kwenye mipangilio, akashuka, akasimama. "Na huyu aliyeiweka hivi ni nani? Vijumba vinne vinne vimeunganishwa kuwa kimoja. Hii ni ya kupigia picha za haraka, siyo ya kutafuta ufa. Haraka unapata, lakini macho umeyatoa."

Msimamizi, yule yule wa kupiga bega, akawa anasoma tangazo la ukutani la kunawa mikono. Miwani hakusema neno. Angesema hata "nilikuambia", Cheche angepata pa kushikia, angefoka, angetoka akibamiza mlango. Lakini dada wa watu alitazama chini tu, kama anamwonea aibu kwa niaba yake, na hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Halafu, katikati ya fedheha ile, kitu kingine kikamjia: mlio wa mkasi nyumbani. Krap. Krap.

"Niruhusuni," akasema, akatoka na koti jeupe mwilini. Alikumbuka kulivua njiani, watu walipoanza kumwita daktari.

Mama mkwe alikuwa dirishani, anatia kola kwenye shati. Mkasi ulikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameukandamiza kwenye tumbo, kidole gumba kimevimba chini kama kimeficha kokwa ya embe.

"Baba, umerudi mapema."

"Mama, naomba twende hospitali."

"Nani anaumwa?"

Cheche akasogea. Akauchukua mkasi mkononi mwa mkwe wake, kitu ambacho siku nyingine asingethubutu, akauweka juu ya meza.

"Mashine ilikuwa haioni," akasema. "Ile picha yako haikuwa picha."

Mama mkwe akamtazama. Hakukasirika, na Cheche alikuwa anaomba kimoyomoyo akasirike.

"Kwa hiyo sikuwa nadanganya," mama akasema.

"Hapana, mama."

"Maana hata mimi nilishaanza kujiona mwongo. Nikilala unauma, najiambia, wewe mama, mkono mzima huo, picha imesema, mkwe wako amesema. Unataka kuhurumiwa tu." Akasimama, akatafuta khanga yake kwa mkono mmoja. "Haya, twende."

Safari hii Miwani ndiye aliyepiga picha. Mashine ilikuwa imerudishiwa macho yake, polepole kama zamani, na foleni imeanza kunung'unika nje. Cheche alisimama nyuma ya kioo bila kazi. Picha ilipotoka, hakuhitaji daktari. Kamfupa kale chini ya kidole gumba kalikuwa vipande viwili, na katikati yake pengo jeusi, safi, kama kamekatwa kwa mkasi.

Daktari akasema mfupa haujaunga kwa sababu haukupumzishwa. Ingekuwa mapema, plasta ngumu ingetosha. Sasa itabidi mkono ufunguliwe, vipande vifungwe pamoja, na hata hapo haahidi kama kidole kitabana mkasi mzito kama zamani. Halafu, kwa kumhurumia Cheche, akaongeza, "Ila niseme ukweli, ufa huu siku ya kwanza hata mashine nzuri huwa haiuoni."

Cheche aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi alikuwa anayapanga: hata mashine nzuri huwa haiuoni, daktari mwenyewe kasema. Walipofika karibu na mlango ndipo akasikia visingizio hivyo vinavyonuka. Daktari alisema arudi baada ya wiki mbili. Nani aliyemwambia asirudi?

"Baba," mama mkwe akasema, mkono umefungwa umening'inia shingoni. "Leo mezani utawaambia. Mimi sitasema. Uliwaambia wewe kwamba sina kitu, uwaambie wewe."

"Nitawaambia."

"Wote wakiwepo."

Jioni walikuwepo wote. Shemeji aliona mkono umefungwa, akakaa mdomo wazi, kwa mara ya kwanza bila maneno ya kuweka ndani yake. Chakula kikapakuliwa. Cheche akaacha kipakuliwe mpaka mwisho, akitumaini kitu, hata umeme ukatike.

"Mama amevunjika," akasema. "Tangu siku ile alipoanguka. Ile mashine, umeme ulipokatika, ikawa imejiweka kwenye..."

"Ilijiweka?" mama mkwe akauliza. Alikuwa anatazama sahani yake.

Cheche akasukuma sahani. "Niliiweka mimi. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Na kipimo cha kuonyesha kwamba haioni nilikifanya vibaya. Mwenzangu aliniambia, nikamtukana. Daktari alisema mama arudi, nikamwambia asirudi. Na hapa nikawaambia amechoka."

Hakuna aliyegusa chakula. Mkewe alimtazama kama anatafuta mtu nyuma yake.

"Na mimi nikacheka," mke akasema. "Nikacheka, na mama anakata sare."

"Wote mlicheka," shemeji akaanza, halafu akajikumbuka, akainamisha kichwa. "Wote tulicheka."

"Na wengine?" mke akamuuliza Cheche. "Hiyo mashine ilimpiga mama peke yake?"

"Miwani ameanza kuwapigia simu wagonjwa. Kesho naingia naye. Waje wapigwe upya, kila mmoja."

"Watakutukana."

"Watanitukana."

Mama mkwe alikuwa anajaribu kula kwa mkono wa kushoto. Kijiko kiliinama, nusu ikaanguka mezani. Cheche akanyoosha mkono amsaidie. Mama akavuta sahani kidogo upande wake, siyo kwa ukali, akamgeukia mwanawe.

"Nikatie nyama hii," akamwambia shemeji. "Vipande vidogo."

Shemeji akasogeza kiti haraka, akaanza kukata, anakata vidogo sana, kama vya mtoto. Mama akala. Polepole mazungumzo yakarudi, habari za jirani, habari za maji, mama anajibu, hata akatabasamu mahali. Alizungumza na kila mtu pale mezani. Jina la "baba" halikutoka mdomoni mwake jioni ile, na Cheche alilingoja mpaka sahani zikaondolewa.

Akatoka uani kunawa mikono. Hakuwa amekula kitu, mikono haikuwa na uchafu wa kunawa. Alifungua bomba, akaiweka chini ya maji, akasimama hivyo hivyo anaitazama, mpaka mkewe akamwita kutoka ndani kwamba maji yanamwagika.